Karatasi Nyeupe Jikoni Mwangu

Mwaka wa 1995, mvua ndefu zilipokwisha, vijana watatu wa chuo kikuu walikuja kwetu Musanda kupima moshi. Nilijua maziwa hupimwa, na miwa hupimwa ikienda kiwandani. Moshi sikuwa nimesikia.

Chemutai alisomea udaktari. Phanuel alisomea uhandisi. Mitchel, msichana mwembamba mwenye sauti ya pole, alisomea maisha ya watu: wanavyokula, wanavyokaa, wanavyoamua mambo. Nilimwuliza kama hayo nayo husomewa.

"Kukhu, hayo ndiyo magumu zaidi," akasema. Kukhu ndivyo sisi nyanya tunavyoitwa huku. Hakuna aliyemfundisha kuniita hivyo, nami nilifurahi.

Chemutai alisikiliza vifua vya watoto wetu waliokohoa. Kabla ya kumwekea mtoto kile chuma cha kusikilizia, alikishika kwanza kiganjani mpaka kipate joto, ili mtoto asishtuke. Nilimwona akifanya hivyo kwa watoto wote, hata wa mwisho, wakati ambapo yeye mwenyewe alikuwa hajala tangu asubuhi.

Phanuel alikuwa amebuni jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje. Majina yetu yaliandikwa kwenye vikaratasi, vikatikiswa kofiani, na nyumba ishirini zikajengewa. Jirani yangu Pascalia alipata. Mimi na wengine kumi na tisa tulibaki na mafiga yetu matatu, ili moshi wetu ulinganishwe na wao. Phanuel alikanyaga udongo wa kichuguu kwa miguu yake mwenyewe, suruali imekunjwa mpaka magotini. Siku moja, akinywa uji kwangu, aliniambia jambo.

"Kukhu, jiko langu la kwanza lilipasuka. La pili lilirudisha moshi ndani. Hili la tatu likishindwa, mwalimu wangu amesema niachane na majiko, nitafute kazi nyingine ya kuandika. Na nyumba zilizobaki hazitajengewa."

"Halitashindwa," nikamwambia, nikamwongeza uji.

Siku ya kupima ilifika. Phanuel alipigilia msumari juu ya pale ninapokaa nikipika, akatundika kisanduku kilicholia polepole kama nyuki. Kilikuwa kinavuta hewa. Ndani yake alitia karatasi ya mviringo, ndogo kama kitako cha kikombe. Hakuigusa kwa kidole. Aliishika kwa koleo dogo, akapuliza vumbi pembeni, akafunga.

"Usibadilishe kitu, Kukhu. Pika vile unapikanga. Kesho tutakuja kuichukua."

Walipoondoka nilikaa nikaitazama. Ilikuwa nyeupe kuliko kitambaa cha meza ya Bwana kanisani. Mwenyewe haigusi kwa kidole, sasa mimi niipake masizi? Kwetu mgeni akikuachia koti lake, hulitundiki juu ya moto. Tena kesho watu hawa watakuja, na mgeni hapokewi kwa mikono mitupu. Lazima kuku achinjwe.

Nikamwagia moto majivu. Nikachukua sufuria na kuni zangu, nikaenda kwa Pascalia.

"Mama, kwako kumeingia nini?" akaniuliza.

"Kuna mgeni jikoni."

"Mgeni gani?"

"Karatasi ya Phanuel. Naogopa kuichafua."

Pascalia alicheka mpaka akashika ukuta. "Na yangu je? Si imetundikwa hapo juu?"

"Wewe una bomba. Moshi wako unatoka nje."

Hakubisha. Jiko lake lilikuwa limejaa maharagwe na maji ya kuogeshea watoto, kwa hiyo alinisaidia kupanga mawe matatu kwenye kona. Hapo nilipika chai, chakula changu cha mchana na obusuma, ugali wetu, wa jioni, na asubuhi kulipopambazuka nikapika kuku wa wageni, jogoo mgumu aliyekula kuni nyingi. Pascalia alikohoa, machozi yakamtoka, lakini hakuniambia niondoke. Huyo ndiye jirani.

Vijana walikuja, wakala, wakashukuru, wakachukua visanduku. Nilimpa Phanuel firigisi, maana ndiye mwanamume. Nilijiona nimewapokea vizuri.

Baada ya mwezi mmoja walituita kanisani kutuambia walichokipata. Mitchel ndiye aliyesema sisi tuambiwe kwanza kabla ya walimu wao, kwa sababu moshi ni wetu. Phanuel alisimama mbele na daftari. Sauti yake ilikuwa chini.

"Nyumba zenye jiko langu na nyumba za mafiga, moshi wake karibu ni sawa," akasema. Akainua karatasi mbili. Moja ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria, nyingine nyeupe kabisa. "Hii nyeusi ni ya nyumba yenye jiko langu. Hii nyeupe ni ya mafiga. Siwezi kuwadanganya. Jiko limeshindwa. Ijumaa nitamwambia mwalimu wangu."

"Miaka yote hiyo ya chuo, na moshi umekushinda!" akasema mzee Osiako kutoka nyuma. "Ungeniuliza mimi, ningekuonyesha mlango wa kuutolea."

Watu wakacheka. Phanuel naye alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pembe ya daftari. Hapo nikaelewa ile karatasi nyeupe ni ya nani. Nilishika benchi la mbele yangu, nikasimama.

"Phanuel, mwanangu," nikasema, "hiyo nyeupe ni yangu. Sikupika kwangu siku ile."

Phanuel akateremsha daftari.

"Ulipika wapi, Kukhu?"

"Kwa Pascalia. Karatasi yako ilikuwa safi sana, nikaona haya kuichafua."

"Ni kweli," Pascalia akasema. "Mawe nilimpangia mimi. Hata huyo kuku mliyekula, moshi wake uko kwenye hiyo nyeusi."

Nilidhani watanikasirikia. Mitchel alikuja akaketi kando yangu, akaweka mkono juu ya mkono wangu, akawauliza wengine polepole, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Kuna mwingine aliyeilinda karatasi?"

Kisha Priscah, mwenzangu wa mafiga, akainua mkono. Yeye alikifunika kisanduku kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, chenye maua, ili vumbi lisiingie. Mwingine alipikia uani. Mwingine alikula viazi baridi siku nzima. Mikono ikafika kumi na mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa mke wa Osiako.

"Hata wewe?" Osiako akapiga kelele.

"Wewe chakula cha siku ile ulidhani kilitoka wapi, mzee? Nilikibeba kutoka kwa dada yangu!"

Chemutai alicheka mpaka akajifuta machozi. Phanuel alikuwa bado amesimama, mdomo wazi.

"Kukhu, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nilipika nini, nikakwambia kuku. Hukuniuliza nilipika wapi."

Mitchel akayaandika hayo. Kisha Phanuel akafanya jambo alilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Alitoa karatasi mpya, akatoka nje, nasi nyuma yake, hadi jiko la kanisa walipokuwa wakichemsha chai, akaishika juu ya moshi mbele yetu sote mpaka ikawa nyeusi, akaisugua kwa kidole gumba.

"Imeletwa ichafuke," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Walipima tena, nyumba zote arobaini. Safari hii Mitchel alishinda jikoni kwangu kutwa nzima akimenya mboga, na kila nilipoutazama ule msumari alisema, "Puliza moto, Kukhu." Karatasi yangu ilitoka nyeusi tititi. Ya Pascalia ilitoka na rangi ya chai ya maziwa tu. Phanuel alizishika zote mbili mlangoni pangu, kwenye mwanga, akaziangalia kwa muda mrefu. Halafu akanikumbatia, mimi na masizi yangu.

Ijumaa ile hakwenda kusema ameshindwa. Nyumba zilizobaki zingejengewa, lakini baada ya mavuno, kwa sababu Chemutai alitaka kuvisikiliza tena vifua vya watoto wa pande zote mbili. Phanuel alinijia na aibu kuniomba ningoje na mafiga yangu miezi minne zaidi.

"Kwa miaka sitini nimepika hapa," nikamwambia. "Miezi minne ni nini?"

Tangu siku hiyo, kila alipopita, aliniletea kuni zilizokauka vizuri, zisizotoa moshi mwingi.