Mluzi wa Bondeni

Uongo ule ulianza kwa huruma. Wageni walikuwa wamelowa chapachapa, wametembea msituni asubuhi nzima bila kuona hata mkia wa ngedere, na mama mmoja alikuwa karibu kulia. Mwongozaji wao akainua darubini machoni, akaficha midomo nyuma ya viganja, akapiga mluzi wa ndege adimu ambaye yeye mwenyewe alimjua kwa rekodi ya sauti tu. "Msikieni huyo!" akasema. Wakakumbatiana kwa furaha.

Afadhali angewaacha walie. Habari zilienea, wageni wakamiminika, naye akabandikwa jina la Mzee wa Ndege, kijana wa watu! Huku nyuma mkewe, muuguzi mjini, akajifungua, na binti akaanza kutembea. Kila mwongozaji alipoomba uhamisho wa kwenda lango la mjini, mkuu wa hifadhi alicheka. "Ndege anakuitikia wewe tu. Ukiondoka, wageni nitawaonyesha nini, uyoga?" Akisema kweli, kazi hana. Asiposema, ndiyo hivyo tena.

Mara ya mwisho alipokwenda nyumbani, mtoto alipiga yowe akakimbilia kwa jirani.

"Atakuzoea, baba," mkewe alisema, lakini hakumtazama usoni.

Basi akapata wazo: anyamaze tu. Akamwambia mkuu, "Bosi, nadhani ndege amehama."

"Kesho nakuja mwenyewe. Tusipomsikia, uhamisho wako nausaini palepale."

Kesho yake walisimama bondeni, mkuu na wageni wake. Mwongozaji alitia mikono mifukoni, akabana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Kimya. Wageni wakaanza kuguna. Mkuu akatazama saa, akashusha pumzi, akatoa kalamu. Moyo wa mwongozaji ulikuwa umeshafika nyumbani, umeshambeba mtoto.

Ndipo mluzi ukalia juu ya vichwa vyao, mtamu kuliko wake. Ukalia tena, na ndege mwenyewe akatua kwenye tawi lililo wazi, kifua chekundu, hana haraka.

Wageni walishangilia. Mkuu akarudisha kalamu mfukoni, akampiga mwongozaji begani.

"Unaona? Leo hata hukumwita, kaja mwenyewe. Huendi popote, Mzee wa Ndege!"

Mwongozaji akainua darubini, akaikandamiza machoni, na hakuishusha hata ndege alipokwisha kuruka.