Ukishuka Sinema

Fundi cherehani alikuwa na mdomo linapokuja suala la mtaa wake. Kila nyumba iliyoongezwa ghorofa aliisema, kila ukuta uliopakwa rangi mpya aliununia. Mteja aliyeleta suruali ya kupunguza alijua atapimwa kiuno huku akisimuliwa habari za sinema iliyobomolewa, bomba la maji lililong'olewa, na kinyozi aliyekuwa akinyoa watu nje, chini ya mwavuli. Mkewe alikuwa amezisikia habari hizo mpaka akawa anamsahihisha anapokosea.

Kwa hiyo asubuhi ile, mke alipoleta chai kwenye chumba cha kushonea na kumkuta mumewe anajipigia pasi shati la kumpokelea mgeni, aliuliza swali moja tu.

"Dada yako umemwelekeza vipi?"

"Vizuri kabisa. Ashuke Sinema, anyooshe mpaka Bomba, akifika kwa Kinyozi apinde kulia..."

"Sinema ipi, baba watoto? Ile iliyobomolewa kabla hujanioa?"

Fundi akabaki na pasi hewani. Palipokuwa na sinema sasa pana benki ya vioo. Palipokuwa na bomba wanaegesha pikipiki. Na kinyozi, Mungu amrehemu, amezikwa zamani, kibanda chake kimekuwa duka la simu.

Si kwamba akili yake ilikuwa imechoka. Jana jioni, simu ilipolia na sauti ikamwita Vifungo, jina ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumwita, alirudi kuwa na miaka kumi na mitano, na wa miaka kumi na mitano alijua njia moja tu.

"Mpigie simu basi," mkewe akasema.

"Hana simu. Aliazima ya abiria mwenzake."

Na huyo dada hakuwa mtu wa kubembeleza. Miaka thelathini na moja iliyopita alitaka kuolewa na dereva wa lori, baba yao akakataa katakata, na kwa hasira akamwambia, "Ukiuvuka mlango huu, hutauona tena." Akauvuka. Aliubamiza kwa nguvu hata komeo likang'oka na misumari yake. Habari za msiba wa baba zilimfikia baada ya mwaka mzima. Jana kwenye simu alisema hivi: "Nakuja mara moja, Vifungo. Nyumba ikinikataa, napanda basi la saa sita mchana narudi zangu, na usinitafute." Basi lake lilikuwa lifike saa tatu. Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na fundi alikuwa amejiambia kwamba basi limechelewa tu.

Fundi alitoka mbio na futi ya kupimia ikiwa shingoni, shati jipya kalisahau chini ya pasi. Mkewe akaikimbilia pasi.

Mbele ya benki ya vioo, basi dogo lilikuwa linashusha abiria. Kondakta, kijana ambaye hata ndevu hazijakamilika, alikuwa akipiga ubavu wa gari na kupaza sauti: "Sinema! Wa Sinema washuke!"

Fundi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alikuwa akipita hapo kila wiki, na kila wiki analalamika, na hakuwahi kusikia.

"Kijana, kuna mama ameshuka hapa, mrefu, mgeni?"

"Yule mwenye sanduku la bati? Ameshuka zamani, mzee. Kauliza Bomba, nikamwonyesha."

Penye pikipiki, dereva mmoja alikuwa amelala juu ya kiti cha chombo chake. Alifumbua jicho moja. "Nilitaka kumbeba, akaniambia miguu yake haijaharibika. Kaenda kwa Kinyozi."

"Wewe kinyozi huyo ulimjua?"

"Nitamjulia wapi? Mimi nimekuta panaitwa hivyo."

Fundi akajikuta anacheka peke yake barabarani, macho yamemlowa. Miaka yote aliamini kwamba mtaa umebaki kichwani mwake tu, kumbe uko midomoni mwa watoto wasiowahi kuuona. Dada atakuwa amefika nyumbani, alijiambia, tena ameshakunywa chai.

Akapita kwa Kinyozi ili ajihakikishie. Binti wa duka la simu alimwonyesha ndani kwa kidevu, kisha akanong'ona, "Nimemkalisha, baba, alikuwa anatetemeka. Amepita mara tatu anatafuta mlango wa buluu. Nikamwambia, mama, huku hakuna mlango wa buluu."

Mlango wa buluu! Mtaa mzima ulikuwa umetunza njia yake vizuri, na kitu kimoja tu kilichompoteza dada yake kilikuwa chake yeye. Mlango ule wa nyumba ya baba yao, anayoishi mpaka leo, aliung'oa kwa mikono yake mwenyewe, mwaka baba alipofariki, wezi walipoanza kusumbua, akaweka geti la chuma jeusi. Leo alikuwa ametoka kwa kulifungua geti hilo.

Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, sanduku miguuni, nywele zimekuwa nyeupe. Aliinua uso.

"Umenenepa, Vifungo."

"Dada, shikamoo."

"Marahaba." Hakuinuka. "Nilifuata ulivyoniambia. Watu wamenionyesha vizuri. Ila baba alisema sitauona tena, na kweli sikuuona. Hata kifo hakikufuta neno lake. Nielekeze tu kituo cha kurudi."

Ilikuwa saa tano na robo. Fundi hakuwa mtu wa maneno matamu. Matamu yake yote aliyatumia kwa wateja. Akabeba sanduku.

"Nimekosea mimi, si baba. Nipe robo saa. Ukitaka kuondoka, nitakusindikiza mwenyewe."

Dada akamfuata. Penye geti jeusi alisita, akalitazama juu mpaka chini, akaingia kwa ubavu kama anayeingia kwa watu. Fundi alimpeleka moja kwa moja chumba cha kushonea. Akaondoa mikasi, akaondoa suti ya mteja iliyokatwa mikono bila mgongo, akavuta kitambaa kilichofunika meza yake ya kukatia.

Chini yake palikuwa na mbao nzito za zamani. Pembeni mwa mbao hizo palionekana matundu manne ya misumari.

Dada aliyatambua kabla ya kuambiwa. Akatia kidole kwenye tundu moja. "Komeo."

"Baba hakulirudishia. Mama aligomba weee, tutaibiwa, tutaibiwa. Baba akahamishia kitanda chake sebuleni akawa analala hapo. Mlango tuliurudishia tu, haukufungwa tena mpaka alipokufa."

"Alisema kwa nini?"

"Baba? Aseme?" Fundi akamwita mkewe, wakashika huku na huku, wakaigeuza meza.

Upande wa chini ulikuwa wa buluu. Kwenye kingo, rangi ilipobanduka, zilionekana tabaka juu ya tabaka, zote za buluu.

"Kila mwaka alinunua kopo, mwezi ule ule ulioondoka wewe. Mimi nilidhani ni usafi. Siku moja nikamletea ya kijani, kwa kuwa buluu iliadimika, akanitupia kopo lote."

Lakini dada alikuwa anaangalia kitu kingine. Nusu ya juu ya mlango ilikuwa imepauka. Nusu ya chini iling'aa.

"Mbona aliishia katikati?"

"Mwaka wa mwisho hakuweza kusimama. Alipaka amekaa kwenye stuli. Alikataa nimsaidie, akasema kazi hiyo ni yake."

Dada akaketi chini sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, akaweka kiganja pale mkono wa baba yake ulipokomea. Alilia bila kujificha, kilio kirefu cha mtu aliyekichelewesha. Mke wa fundi aliketi naye. Fundi alisimama na futi yake shingoni, hajui aiweke wapi mikono, mpaka dada akamvuta naye akaketi. Basi la saa sita lilipiga honi huko Sinema, hakuna aliyegeuza kichwa.

Baadaye dada alijifuta uso kwa kipande cha suti ya mteja, na fundi hakuthubutu kumkataza.

"Vifungo, duka la rangi bado lipo?"

"Lipo. Sasa wanauza na vigae."

"Kesho unipeleke," alisema dada. "Hilo geti lako jeusi nitalipaka mwenyewe. Nitaanzia juu."