Shamba Lililopaswa Kuwa Pori

Kwa wiki kumi nilimzuia baba yangu, Bethwel, kuchuma majani ya chai yake mwenyewe. Kama unamjua mkulima yeyote wa chai huku Boito, unaelewa nilikuwa nimeomba nini. Kila asubuhi alisimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma, akitazama matawi yakipita kiuno, kisha akarudi ndani. Alivumilia kwa sababu ya kitabu.

Kitabu chenyewe kilipoteza jalada kabla sijazaliwa. Ni hadithi ya zamani ya mtu aliyesafiri angani, akarudi baada ya miaka mia moja na kukuta dunia haina watu. Baba alinisomea yote nikiwa darasa la nne, akitafsiri kwa Kipsigis. Katika ukurasa wa mwisho yule mtu anasimama peke yake kwenye shamba lililogeuka pori, analia. Baba akifika hapo alikuwa akifunga kitabu na kusingizia moshi wa jikoni. Nilimwahidi kwamba siku moja nitakifanya sinema, na ukurasa ule nitauonyesha jinsi ulivyoandikwa.

Sasa nilikuwa naitengeneza sinema hiyo, chai ya baba ikiwa ndiyo pori; lilibaki tukio hilo moja tu, na kamera tuliazimwa kwa Jumamosi moja tu. Mwigizaji wetu, Mochama, mwalimu wa hesabu, alikuwa amejishonea suti ya anga kwa magunia ya mbolea, juu akavaa helmeti ya pikipiki. Mimi niliogopa umati wa watu utaniharibia picha, kwa hiyo nilimwapisha baba asimwambie mtu yeyote. Kanisani alipoulizwa mbona majani yake hayachumwi, alijibu, "Hayo ni mambo ya Chepngeno." Na Chepngeno mwenyewe, yaani mimi, nilikuwa sionekani, nimejifungia nikiandika.

Jumamosi alfajiri nilienda na Mochama kuchukua kamera Kericho. Tuliporudi saa tano, pori halikuwepo.

Akina mama zaidi ya thelathini walikuwa shambani, vikapu mgongoni. Majani laini walikuwa wameyachuma, matawi marefu wameyakata kwa panga, na chai yote ilikuwa imelala sawa kama meza. Baba alikuwa amesimama pembeni.

"Baba, mbona hukuwazuia?"

"Uliniapisha. Ningewazuia kwa maneno gani?"

Jirani yetu Mama Nyanchoka alinijia na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. "Majani yakiachwa hivi, hapo kuna mgonjwa," alisema. "Na wewe tumekukosa kanisani miezi miwili. Pole, msichana wangu. Kunywa, upate nguvu."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kuwafukuza wote. Badala yake nililia, nao wakazidi kuamini kwamba naumwa, wakanisugua mgongo. Hapo nikawaeleza kila kitu, kitabu, kamera na pori. Mama Nyanchoka aliangalia panga lake kama limemsaliti.

"Tunaweza kuyarudisha?" aliuliza, na alikuwa hatanii.

Nilimgeukia baba. Ahadi nilimpa yeye, na yeye ndiye niliyekuwa nimemwangusha. Alitoa kitabu kwenye koti, akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akawatazama wale akina mama, jasho likiwatiririka saa tano ya asubuhi kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo.

"Huyu mwandishi," alisema, "nafikiri hakuwa na majirani. Washa kamera."

Niliwasha. Niliwaomba akina mama waendelee tu na kazi, wasiangalie kamera. Mochama alishuka kilimani na suti yake ya magunia, hatua nzito, akaona chai imechumwa. Aligusa kichaka kimoja. Akaona vikapu, akavua helmeti. Zaidi ya hapo sikuwa nimempangia mtu neno lolote.

Mama Nyanchoka aliinua macho, akamkagua kutoka utosini hadi kwenye buti, akamnyooshea kibuyu. "Umetoka mbali," alisema. "Kunywa kwanza."

Mochama alikunywa. Mwalimu yule, ambaye wiki nzima alishindwa kutoa chozi kwenye mazoezi, alilia kweli, mursik mdomoni.

Nilimtafuta baba. Alikuwa anapangusa macho waziwazi, na safari hii hakutaja moshi.