Karatasi ya Mitsue

Eizo alikuwa amebakiwa na karatasi moja tu, na hiyo moja ilikuwa imeshaandikwa.

Wachoraji wa zamani walikuwa na desturi ya kuacha mahali patupu ndani ya mchoro, ili mtu mwingine aje aandike neno lake hapo. Eizo hakuwa mchoraji. Alikuwa mpiga picha, lakini milima aliipiga kwa jicho lile lile la wazee: msonobari mmoja mweusi, ukungu, na weupe mwingi usio na kitu. Kwa miaka thelathini weupe huo ulikuwa mali ya mkewe, Mitsue. Eizo akichapa picha, Mitsue anasaga wino, anaitazama hata siku mbili, kisha anaandika mstari mmoja kwa brashi. Na tusidanganyane, wanunuzi wengi walikuja kwa ajili ya mwandiko.

Mwaka ule alipougua, akijua fika kwamba haponi, Mitsue aliomba karatasi ya mwisho katika zile nzito za magome ya mforosadi. Aliyezitengeneza alikuwa ameshakufa, na hakuna aliyeurithi ufundi wake. Akaandika pembeni, juu kulia: *Leo tena umechelewa.* Chini yake hapakuwa na kitu.

"Miaka yote wewe umetangulia na picha, mimi nikafuata," alimwambia mumewe. "Safari hii natangulia mimi. Tafuta picha ya kukaa hapo."

Akafariki kabla theluji haijaanguka.

Sasa huu ulikuwa msimu wa tatu wa theluji, na karatasi ilikuwa bado nyeupe. Eizo alikuwa ameyachukua yale maneno kama mtu aliyesoma michoro mingi kupita kiasi. Kuchelewa! Basi akatafuta mambo yaliyochelewa, kama wazee walivyochora: bata bukini wa mwisho aliyeachwa na wenzake, mwezi unaochungulia mlimani kumeshakucha, theluji iliyoangukia maua. Alizipata zote, na zilikuwa nzuri. Kila moja aliichapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, akaiweka kando ya maneno ya mkewe, na kila mara maneno yalikataa. Picha ilikaa huku, maneno kule, kama wageni wawili waliogombana njiani.

Jamani, mtu anaweza kuishi na mwanamke miaka thelathini na asielewe anachoambiwa.

Kila jioni Mitsue alipokuwa hai, Eizo alishuka mlimani giza likianza kuingia, akafungua mlango na kusema, "Nimerudi." Kutoka jikoni akajibiwa kwamba leo tena amechelewa. Naye akajitetea kwamba ukungu ulikawia. Supu ikapashwa moto upya, wakala. Tangu mkewe afariki, Eizo hakusema tena "Nimerudi". Alifungua mlango akavua viatu kimya, maana kuiambia nyumba tupu kwamba umerudi ni kujitonesha kidonda bure.

Mwezi wa pili Bwana Niwa alimwita. Huyu ndiye fundi aliyezigeuza picha zake zote kuwa magombo ya kutundika, kwa hariri na gundi ya ngano. Alikuwa na miaka themanini na mbili, vidole vimepinda. Akamwambia kwamba mwisho wa mwezi wa tatu anafunga duka, anahamia kwa binti yake, na kwamba anataka gombo la Mitsue liwe kazi yake ya mwisho.

"We mzee," akaongeza, "unangoja mlima ukupigie hodi?"

Eizo alicheka, lakini njia nzima alikuwa na hofu. Hakuwa na fundi mwingine ambaye angethubutu kumwachia karatasi ile.

Akapanda mlimani kila siku. Jioni moja ukungu ukaifunika misonobari yote, hata mti wa kupiga picha hakuuona. Akakunja vyombo, akageuka ili ashuke, ndipo akaliona bonde chini yake. Taa za majirani zilikuwa zimewaka. Nyumba moja tu ilikuwa giza, na ilikuwa yake.

Kwa miaka thelathini alikuwa ameshuka akiifuata taa ile ya jikoni. Hakuwahi kuipiga picha hata mara moja. Aliona nyumba yenye antena na ndoo za figili za kuchachua si mandhari. Mandhari ni huko juu. Mgongo wake ulikuwa umeielekea nyumba miaka yote hiyo. Eizo alikaa kwenye theluji akalia kwa sauti.

Kesho yake mchana aliwasha taa ya jikoni, akafunga mlango, akapanda. Ukungu ulikuja polepole ukazifuta nyumba za majirani, ukafuta nguzo za umeme, ukafuta barabara. Ukabaki ukingo wa paa na dirisha moja dogo la manjano. Eizo alijua kabisa kwamba ndani hamna mtu. Hata hivyo, kwa dakika moja alitamani kushuka mbio. Akabonyeza kamera mara moja tu.

Kuchapa kulimtoa jasho. Mashine ilizoea kuzikwaruza karatasi nzito, na hii ikikwama, mwandiko wa Mitsue unachanika na hakuna mwingine duniani. Aliilisha kwa mikono miwili, akahisi inavutwa, akaachia. Katikati mashine ilinyamaza. Eizo akafumba macho. Ikaendelea.

Bwana Niwa aliikagua dirishani muda mrefu.

"Hapa ni kwako," alisema.

"Ndiyo."

"Taa aliwasha nani?"

"Mimi."

Mzee akavua miwani akaifuta. Siku ya kukabidhi gombo alirudia kuonya kwamba lisipigwe jua, na litundikwe kwenye kishubaka cha chumba cha wageni, mahali pa heshima, kama watu wote wanavyofanya. Eizo akaitikia, akashukuru, akainama sana, maana wote wawili walijua hawataonana tena.

Lakini hakulipeleka kwenye kishubaka. Alilitundika ukutani mwa ukumbi, likitazama mlango, ambako upepo na unyevu vingelila mapema. Bwana Niwa angemfokea.

Siku iliyofuata hakuwa na sababu yoyote ya kupanda mlimani, lakini alipanda, bila kamera, akakaa huko mpaka mwanga ukapungua. Kisha akashuka. Dirisha lilikuwa giza, kwa kuwa hakuacha taa. Akafungua mlango, akasimama na theluji yake mabegani.

"Nimerudi," akasema.

Sauti ilitoka kavu, kwa kutotumika. Akainua macho, akasoma jibu ukutani.

"Nisamehe," akamwambia mkewe, akiinama kuvua viatu. "Ukungu ulikawia."

Kisha akaenda kupasha supu.