Kikao cha Kusimama

Pale ofisini Kasongo, Jumatatu asubuhi hakuna anayekaa. Sheria hiyo Hippolyte, mkuu wao, aliitoa kwenye mafunzo ya Goma: timu inayotengeneza programu ya simu ikutane wima, iseme machache, iamue pamoja, ianze kazi. Mbinu hiyo inaitwa nyepesi. Nyepesi jina tu! Viti vya plastiki vimesukumwa ukutani, na Naomie, mmoja wa watengenezaji, anavitazama kama mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani.

Programu yenyewe ni ya akina mama wajawazito. Uchungu ukianza, mtu wa nyumbani anabonyeza simu, na ujumbe unamfikia mwendesha pikipiki aliye karibu, amkimbize mama kituo cha afya. Vijiji kadhaa vimeanza kuijaribu, Lusangi kimojawapo. Shida ni kwamba huko simu ya kuongea inapita vizuri, ila intaneti inakuja na kuondoka inavyotaka. Naomie alikwisha kutengeneza dawa: intaneti ikikatika, ujumbe uende kwa SMS ya kawaida. Kilichobaki ni kikao kukubali, maana hakuna badiliko linaloingia bila kikao. Na huko Lusangi yuko Aimée, mdogo wake wa tumbo moja, na mimba yake imefika mwezi wa kujifungua.

"Tuseme, ekipe," Hippolyte aliiambia timu. "SMS, ao tuache?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

Hippolyte alifundishwa kwamba mkuu haamulii timu, basi alifunga mdomo na hata uso akaukaza usiseme kitu. Yves na Victorine, wenzake Naomie katika timu, nao walilelewa kwamba mkubwa akiwa hajasema, mdogo hasemi, basi waliuchunguza uso ule ule. Yeye anawangoja wao, wao wanamngoja yeye, na wote kwa adabu njema kabisa. Kwa adabu hiyo, jambo la SMS lilikuwa linaahirishwa tangu kiangazi.

"SMS, mutu yeyote anaweza kuisoma," Yves alisema baada ya kukohoa. "Siri za wamama zitatoka inje. Lakini sikatae, shefu. Nafwata ekipe."

"Na mimi nafwata ekipe," Victorine alisema, macho chini.

"Na weye, Naomie?"

Naomie alitaka kupiga kelele: ni mdogo wangu! Lakini nani anasimama mbele ya mkubwa wake kudai mambo ya ukoo wake?

"Naona SMS ni muzuri," alisema, na sauti ikamshuka yenyewe. "Lakini kama papa Hippolyte anaona vingine, nafwata ekipe."

Akajichukia papo hapo.

"Basi hatujapatana," Hippolyte alisema. "Tutaiangalia raundi inayokuja, Jumatatu."

Hawajavuta viti, simu ya Naomie ikalia. Alikuwa Fidèle, mume wa Aimée, anahema.

"Shemeji, Aimée iko na uchungu tangu alfajiri! Nilibonyeza ile programu yenu. Inaandika tu 'Tafadhali ngoja'. Tukangoja. Pikipiki iko wapi?"

Maneno hayo Naomie aliyajua. Aliyaandika yeye mwenyewe, ya kushikia nafasi ya SMS intaneti ikikatika, mpaka timu iamue.

Aliwaeleza wenzake kwa neno moja moja. Hippolyte alishika kichwa. "Mungu wangu! Sasa tufanye namna gani? Yves, unasema nini?" Yves akamtazama Victorine. Naomie alikuwa tayari barazani, anampigia Atumani, mwendesha pikipiki wa upande ule.

"Lusangi?" Atumani alishangaa. "Mama, mimi niko hapa hapa Lusangi, sokoni, tangu asubuhi. Hakuna mutu aliniita."

Alimfikisha Aimée kituoni. Aimée alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Jumatatu iliyofuata walisimama tena. Hippolyte aliomba wamkumbuke mtoto kwa kimya, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Naomie aliyaona, na bado hasira ilimchoma kifuani. Kisha mkuu akajifuta uso, akaukaza kama kawaida.

"Tuseme, ekipe. SMS, ao tuache?"

Yves alikohoa. Victorine alitazama chini.

Naomie alikwenda ukutani, akavuta kiti, akakiweka katikati yao na kukaa. Akafungua kompyuta yake mapajani.

"Naiingiza sasa hivi," alisema.

Hakuna aliyekataa, na hakuna aliyekubali. Yves na Victorine walimgeukia Hippolyte, wakauchunguza uso wake, wajue kama inaruhusiwa.