Glasi ya Babu Yefim

Babu Yefim alipanda maua yake ya asta Jumamosi, akafa Alhamisi. Mbegu zikachipua siku ya mazishi, kama wageni waliokosa treni ya kwanza.

Kila Machi alizipanda ndani, kwenye makopo ya siagi ukingoni mwa dirisha la jikoni, maana nje theluji huwa bado inafika magotini. Mwaka huu kopo lilikuwa moja tu, na bahasha ya mbegu zake ikabaki tupu. Bibi Zina akaamua palepale: ile miche ishirini na mitatu itakwenda kaburini kwa mumewe mwezi Juni, na si maua mengine yoyote.

Macho ya Bibi yamefifia, kwa hiyo kazi ya kuilisha miche nikaachiwa mimi, mjukuu wao. Babu alikuwa amebandika karatasi kwenye kioo cha dirisha: subiri majani mawili ya kweli, si yale ya kwanza ya mbegu, mwagia maji kwanza, kisha mbolea nusu kijiko cha chai kwa lita, kila Jumapili. Nikamwambia Bibi kwamba mwanamume huyu hata akifa bado anatoa amri. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Mtii, mke mwenzangu. Mimi nimemtii miaka hamsini na moja, sasa zamu yako."

Ameniita hivyo tangu nikiwa na miaka sita, siku Babu aliposifu chapati zangu za maji kuliko za Bibi.

Nikapima mbolea kama mfamasia. Jumapili ya kwanza miche ikanyanyuka, ya pili ikanenepa shina. Jirani yetu Bi Rimma alitaka kuisifu, Bibi akamkatiza, maana miche ikisifiwa hudumaa.

Arobaini ikafika mwishoni mwa Aprili. Theluji ilikuwa inayeyuka na njia ya makaburini imegeuka uji, gari halipiti. Tukakaa nyumbani, tukala, tukamkumbuka. Mbele ya picha yake ilikuwepo glasi ya vodka iliyofunikwa kipande cha mkate mweusi, fungu la marehemu kwa desturi yetu, pale pale tangu mazishi. Tulikuwa tukiijaza kila ilipopungua; mimi nilisema afadhali, Babu siku hizi anakunywa kwa kiasi. Arobaini ikiisha, mkate hupewa ndege waule na vodka humwagwa kaburini.

Asubuhi yake nikaikuta glasi imeoshwa.

"Nimempa babu yako chake," Bibi akasema. "Kule hakufikiki. Na yeye yuko zaidi hapo dirishani kuliko kule."

Nikainamia kopo. Udongo ulinuka vodka.

 Bibi alipojilaza nikalipeleka kopo kwenye sinki, nikalimwagia maji mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya tatu miche yote ilikuwa imelala.

Bibi akaipapasa kwa kidole, mmoja mmoja, kama mtu anayewagusa watoto vichwa. Alipomaliza akaanza upya. Kisha akaniuliza kama nilipima sawasawa. Nikaitazama karatasi ya Babu.

"Nilijaza kijiko, Bibi. Mara mbili. Niliona kama ina njaa."



"Ulyana," Bibi akasema, "kazi moja tu nilikupa."

Akanipa kisogo. Mwezi wote wa Mei nilikuwa Ulyana. Ulyana, leta chumvi. Ulyana, funga mlango. Nilijaribu mzaha mara mbili tatu, ukaanguka sakafuni, hakuna aliyeuokota.

Juni tukapanda kaburini asta za kununua sokoni, nzuri tu, si za mtu yeyote. Bibi akatoa chupa, akajaza glasi. Nikadhani ataimwaga pale kwenye maua. Akazunguka polepole, akishika uzio wa kaburi, hadi upande wa miguuni, akainama na kuimimina kwenye nyasi.

"Huku," akasema, bila kunigeukia. "Mbali na mizizi."

Akanyoosha mkono kunitafuta. Nikaushika. 

"Twende nyumbani, mke mwenzangu."