Udongo wa Namakwekwe

Vita vilipotulia, mwaka 1987, kabati la keki la Kulusumu ndilo pekee lililobaki na vioo vyote katika mtaa wake wa Jinja. Keki hazikuwepo, unga na sukari vikiwa adimu, kwa hiyo akaamua kufuga samaki humo, wateja wa hoteli yake wapate cha kutazama wakinywa chai ya rangi. Jirani yake Isabirye, aliyewahi kuchimba mabwawa ya samaki, alimzibia pembe kwa lami.

"Samaki si kazi," alimwambia. "Kazi ni sakafu. Ukitaka majani yaote majini, chini weka udongo wenye rutuba, katikati wa mfinyanzi, juu mchanga wa chembe kubwa wa kuvituliza."

Mchanga Kulusumu aliuchota mtoni Nile. Wa mfinyanzi ulitoka Budondo. Ule wa chini ndio uliomsumbua. Wa Bugembe ulinuka yai viza siku ya tatu. Wa nyuma ya soko uligeuza maji uji wa ulezi. Basi akapanda basi hadi Mbale, mtaa wa Namakwekwe, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, mzee Nasuru. Wakati wa vita afande Otim alimfukuza humo kwa bunduki, akahamia yeye. Mzee akafia njiani kabla ya kufika Jinja. Kulusumu alikuwa amewaandikia wakubwa barua nne. Safari hii hakudai nyumba. Milly, mke wa afande, alimruhusu kuchota ndoo moja nyuma ya jiko, akamfunikia kwa jani la mgomba.

Matabaka matatu yakakaa, majani yakashika. Wiki ya pili, katikati ya majani, likachomoza paa la bati. Kufikia Ijumaa nyumba nzima ya Namakwekwe ilikuwa imesimama, kimo cha sufuria, na mzee Nasuru, mrefu kama njiti ya kiberiti, alikuwa akifagia ua, kanzu ameipandisha magotini.

Kulusumu alilia kidogo, kisha akaondoa mchanga mlangoni kwa kijiko, baba apate kupita vizuri. Wateja wakaongezeka. Walimsalimu mzee wakiingia, naye akainua ufagio. Isabirye alishauri samaki wawe wadogo, wasimsumbue.

Mwezi uleule afande Otim alipita Jinja, akaingia kunywa chai. Aliinamia kioo kwa muda.

"Mama, hii nyumba ni yangu."

"Ni ya huyo anayefagia, afande."

"Karatasi iko kwangu."

"Najua."

Mzee Nasuru alimwona. Akaweka ufagio, akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka uani.

Afande akacheka. "Ananikaribisha!"

"Ndivyo alivyo. Majirani waliniambia hata siku ile ulipokuja na bunduki alikutolea kiti. Ukakikalia."

Otim alivua kofia. Alimaliza chai yake, halafu akauliza kama mzee anahitaji chochote.

"Nyumba yake," alisema Kulusumu.

"Hiyo ni ngumu, mama."

Lakini alikubali kuleta ndoo nyingine ya udongo, na kweli aliileta, pamoja na miche ya vitunguu kutoka kwa Milly. Barua ya tano ilirudi haijafunguliwa. Kulusumu akaketi karibu na kioo kuandika ya sita, huku baba yake akipanda vitunguu mistari miwili, akiimba. Viputo vilipanda kimoja kimoja, na hoteli nzima ikabishana kwa furaha ni wimbo gani.